Onyo kwa Kiingereza, Ulaghai kwa Kiswahili: Kusoma Ishara za Tarakilishi na za Matapeli

Utangulizi

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Je, mwenye macho ambaye ameandikiwa kwa lugha asiyoijua, yeye aambiweje? Swali hili lilinijia katika likizo iliyopita nilipokuwa nyumbani Isiolo, nikimsaidia binamu yangu katika chumba chake kidogo cha kutengenezea tarakilishi na simu. Kazi hiyo nimeifanya tangu nilipomaliza shule ya upili, na ndiyo iliyonilipia sehemu ya karo hadi nikafika katika kiwango cha uzamili katika fasihi ya Kiswahili. Mchana hufungua mashine za watu kwa bisibisi. Usiku huzirudia riwaya na diwani. Kwa muda mrefu niliziona kazi hizi mbili kuwa mafuta na maji.

Alasiri moja aliingia mama mmoja mwuza maziwa ya ngamia, miongoni mwa wale ambao hukusanya maziwa kutoka kwa wafugaji na kuyasafirisha kwa basi hadi Eastleigh, Nairobi. Aliiweka simu yake mezani na kusema, "Mwanangu, nitengenezee hii. Imeharibika, inatoa pesa yenyewe." Niliikagua nisione hitilafu yoyote. Nilipomwomba anisimulie yaliyotukia, mambo yakadhihirika. Asubuhi hiyo alikuwa amepigiwa simu na kijana mwenye Kiswahili safi, aliyemwamkia kwa adabu, akamwita mama, na kumweleza kwamba laini yake ingefungwa asipoisajili upya. Aliambiwa asubiri ujumbe, kisha amsomee tarakimu zilizomo. Ujumbe ukaja. Tarakimu alizijua, akazisoma moja baada ya nyingine. Hatimaye akaulizwa nambari yake ya siri "ili kuthibitisha", naye akaitaja. Pesa za juma zima zikatoweka, na sehemu kubwa ya pesa hizo ilikuwa ya wafugaji waliomwachia maziwa kwa imani.

Ujumbe ule ulikuwa ungali katika simu. Chini ya tarakimu palikuwa na sentensi moja ya Kiingereza iliyomwonya asimpe mtu yeyote nambari ile. Nilipomfasiria, alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Kumbe walinionya. Mbona mwizi alisema nami kwa lugha ninayoielewa, na wa kunionya hakufanya hivyo?"

Makala haya ni jaribio la kumjibu mama huyo. Yanadhamiria kuonyesha kwamba kukabiliana na hitilafu za tarakilishi na kukabiliana na matapeli ni, kimsingi, kazi moja, nayo ni kusoma ishara bila pupa. Aidha, yanadai kwamba kazi hiyo inatuhusu sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kuliko tunavyokubali.

Mashine inapougua

Tuanze na tarakilishi, kwa kuwa hofu ya wengi wetu huanzia hapo. Mwanafunzi ambaye tasnifu yake yote imo ndani ya mashine moja hutishika pindi kiwambo kinapozimika, na mwenye hofu hasomi vizuri. Kabla ya kugusa chochote, fundi hujiuliza maswali matatu: Ni kitu gani kimebadilika tangu mashine ilipokuwa nzima? Tatizo hutokea lini hasa? Mashine yenyewe inasema nini? Swali la tatu ndilo linalopuuzwa mno. Ujumbe wa hitilafu unapotokea, wengi huufunga kabla ya kuusoma, kisha wakamwambia fundi, "Iliandika kitu fulani." Kitu hicho fulani ndicho dalili. Kiandike au kipige picha.

Chanzo cha kwanza cha kuchunguzwa ni umeme. Kipakatalishi kisipowaka, usikimbilie kusema kimekufa. Jaribu soketi nyingine, kisha chaja nyingine ya aina ileile. Iwapo bado kimya, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, na ukibonyeze kitufe cha kuwashia kwa muda wa nusu dakika hivi ili umeme uliosalia ndani uishe. Rudisha chaja na ujaribu tena. Si vichache vilivyoletwa kwetu kama maiti vikafufuka kwa njia hii bila hata kufunguliwa. Vilevile, umeme unaporejea baada ya kukatika unaweza kuja kwa nguvu isiyo ya kawaida. Ukikatika, chomoa plagi. Ukirudi, subiri dakika chache kabla ya kuichomeka.

Chanzo cha pili ni joto na vumbi. Isiolo ni mji wa jua kali na upepo wenye vumbi, na vumbi hilo huingia katika matundu ya mashine likaizonga feni. Tarakilishi inayofanya kazi vyema kwa nusu saa kisha ikajizima yenyewe, aghalabu haina virusi. Imepata joto, nayo hujizima ili kujiokoa. Usikiweke kipakatalishi juu ya godoro au mto, kwa sababu matandiko huziba njia ya hewa. Mashine ikiwa imezimwa, matundu yasafishwe kwa brashi laini mara kwa mara.

Tatu, kuna malalamiko ya mashine kuwa nzito. Hapa dawa ya kwanza ni ile inayodharauliwa kwa kuwa ni nyepesi: kuizima na kuiwasha upya. Programu zilizokwama huondoka na kumbukumbu ya muda hufunguliwa. Isipopona, angalia kama diski imejaa, na kama kuna programu nyingi zinazojiwasha zenyewe kila unapoiwasha mashine. Lakini ukisikia diski ikitoa sauti ya kugongagonga, usiizime na kuiwasha tena na tena. Hiyo ni sauti ya diski inayokufa. Nakili kazi zako upesi, kisha umwone fundi.

Nne ni fleshi, ambazo husafiri kutoka chumba cha mapigachapa hadi kingine zikibeba tasnifu pamoja na maradhi. Wengi wamewahi kuifungua fleshi wakakuta makabrasha yao yamegeuka kuwa njia za mkato zisizofunguka. Mara nyingi kazi zenyewe zimo, ila kirusi kimezificha na kuweka picha za uongo mahali pake. Kosa kubwa ni kuisafisha fleshi yote kwa hasira. Usiibonyeze njia ya mkato yoyote. Ikague fleshi kwanza kwa programu ya kupambana na virusi, kisha uiamuru tarakilishi ionyeshe faili zilizofichwa. Maradhi haya si mageni: kirusi Conficker, kilichozuka mwishoni mwa mwaka wa 2008, kilisambaa kwa mtandao na kwa fleshi vilevile.

Mwisho, na hili ndilo la msingi, ni kuweka nakala. Kanuni inayotumiwa na mafundi ni nyepesi kukumbuka: nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja kati ya hizo iwe mbali na nyumbani. Kwa mwanafunzi, nakala moja iwe katika kipakatalishi, ya pili katika diski ya nje, na ya tatu katika hifadhi ya mtandaoni au katika barua pepe yake mwenyewe. Fleshi iliyomo katika mkoba mmoja na kipakatalishi si nakala ya pili, kwa kuwa mwizi wa mkoba huchukua vyote viwili. Nimewahi kumwona mwanafunzi mwenzangu akilia mbele ya diski iliyokufa na sura nne za tasnifu. Hakuwa mzembe. Alikuwa akihifadhi kazi yake kila jioni, ila mahali pamoja.

Hitilafu inapomwita tapeli

Mafundisho hayo yana uhusiano gani na ulaghai? Uhusiano wake ni kwamba mtu asiyeweza kuisoma mashine yake huwa tayari kumwamini yeyote anayedai kuisoma kwa niaba yake. Unaweza kuwa ukivinjari intaneti, ghafla kiwambo kikajaa rangi nyekundu na king'ora, na maneno kwamba tarakilishi yako imeshambuliwa, upige nambari fulani mara moja. Aliye upande wa pili atakuomba umruhusu aiongoze mashine yako kutoka mbali, kisha atadai malipo au aibe nywila zako. Kampuni ya Microsoft imeeleza bayana kwamba ujumbe wake wa hitilafu hauwi na nambari ya simu. Basi ukiona nambari, umeshapata jibu: huo si ugonjwa wa mashine, ni ukurasa tu uliovaa kanzu ya daktari. Ufunge ukurasa huo. Ukikataa kufungika, izime mashine. Unapoiwasha tena, usikubali kuzirejesha kurasa zilizokuwa wazi.

Hali kadhalika, programu zilizovunjwa kufuli ambazo hugawanywa bure zaweza kuficha virusi. Nayo programu endeshi iliyopitwa na wakati ni nyumba yenye ufa. Microsoft ilikoma kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi katika maabara na mabweni yetu zilizoea kuitumia. Mwenye mashine inayoweza kupokea toleo jipya asikawie. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Ikumbukwe kwamba silaha ya kwanza ya tapeli haikuwa hisabati, bali lugha. Mnamo Mei 2000, kirusi kilichoanzia Ufilipino kilienea katika mamilioni ya tarakilishi duniani kwa sababu kilijifanya barua ya mapenzi. Hakikuhitaji kuvunja mlango. Kilibisha hodi kwa maneno matamu, watu wakakifungulia wenyewe.

Ujumbe wa tapeli kama matini

Hapa ndipo mwanafunzi wa isimu na fasihi anapoingia uwanjani. Chukua ujumbe mmoja uliovuma sana nchini Tanzania, na ambao una ndugu zake wengi hapa Kenya: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Ni maneno sita tu. Yanafanyaje kazi?

Siri yake imo katika kionyeshi "ile". Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa kwamba kionyeshi hiki hakirejelei tu kitu kilicho mbali. Hurejelea pia kitu ambacho msemaji na msikilizaji wanakijua tayari. Tapeli haijui hela yoyote. Anapotamka "ile", anamlazimisha mpokeaji kuitafuta mwenyewe katika kumbukumbu zake. Naye ataipata! Katika siku yoyote ile, miongoni mwa maelfu wanaopokea ujumbe huo, wamo wenye kodi ya kulipa, karo ya kutuma, au deni la shemeji. Kila mmoja huijaza nafasi ile kwa hela yake. Tapeli ameandika kiunzi, mwathiriwa akakikamilisha hadithi. Laiti angeuliza, "Hela ipi, na wewe ni nani?", ulaghai wote ungeporomoka.

Mbinu ya pili ni undugu. Lugha yetu ina hazina ya maneno ya heshima na ukoo: mama, mzee, mwanangu, ndugu, mjomba. Maneno hayo hufungua milango, na ndiyo maana tapeli hayaachi. Kijana aliyemwita mwuza maziwa "mama" hakukosea adabu hata kidogo. Aliitumia adabu kama ufunguo bandia.

Mbinu ya tatu ni haraka, na ya nne ni usiri. Laini itafungwa leo. Nafasi ya kazi itachukuliwa na mwingine. Usikate simu. Usimwambie mtu hadi tumalize. Katika mji wetu, wenye kambi za mafunzo ya kijeshi, mbinu hizi huwanasa wazazi wanaotamani kuona watoto wao wakisajiliwa. Wapo wanaouza barua bandia za kuitwa jeshini, ilhali Jeshi la Ulinzi la Kenya limetangaza mara kwa mara kwamba usajili ni bure. Ada ya siri ya kupata kitu cha bure ni ushahidi tosha wa wizi. Kanuni hiyohiyo itufae sisi wenyewe tunapoahidiwa ufadhili wa masomo kwa sharti la kulipa kwanza "pesa za kushughulikia faili".

Pana tahadhari moja. Zamani tuliambiwa kwamba tapeli hutambulika kwa tahajia mbovu na sarufi iliyopinda. Kigezo hicho hakitoshi tena. Programu za akili unde sasa huweza kuandika Kiswahili kilichonyooka, na hata kuiga sauti ya mtu anayejulikana. Usikague usafi wa sarufi pekee. Kagua kile unachoombwa: pesa, nambari ya siri, tarakimu zilizotumwa katika simu yako, au ruhusa ya kuingia katika mashine yako. Anayeomba mojawapo kati ya hivyo kwa haraka na kwa siri, hata akisema kama malenga, ni tapeli.

La kufanya ukilengwa

Ukipokea ujumbe kwamba umetumiwa pesa kimakosa, usiuamini ujumbe. Angalia salio lako mwenyewe. Ujumbe halisi wa M-Pesa huja kwa jina la huduma hiyo, hauji kutoka kwa nambari ya kawaida ya mtu. Iwapo pesa zimeingia kwa kweli, usizirudishe kwa mkono wako. Mwambie aliyezituma aombe zirejeshwe kupitia kwa kampuni, kwa sababu ukizirudisha mwenyewe, naye akaomba kurejeshewa, utalipa mara mbili.

Ikiwa wewe ndiwe uliyekosea nambari kwa wateja wa Safaricom, utume ujumbe wa muamala kwa 456 bila kukawia. Nambari za matapeli hupelekwa kwa 333. Nchini Tanzania, nambari ya kuripotia matapeli ni 15040. Ukigundua kwamba umetoa nambari yako ya siri, ibadilishe papo hapo kabla ya kuanza kujilaumu, kisha uwaarifu watoa huduma na polisi. Simu yako ikipoteza mtandao ghafla ilhali za wenzako zinao, huenda laini yako imehamishiwa kwa mtu mwingine; azima simu ya jirani uwapigie watoa huduma mara moja. Usione haya kuripoti. Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka wa 2018, na anayejifanya mtu mwingine ili aibe kwa njia hizi ametenda kosa la jinai.

Wajibu wa mwanafunzi wa Kiswahili

Turejee sasa kwa swali la mama. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Katika soko la Isiolo, Mborana, Msomali, Mturkana, Mmeru na Msamburu hukutana katika Kiswahili. Onyo likitolewa kwa Kiswahili, litafika nyumbani jioni katika lugha zote hizo. Likitolewa kwa Kiingereza pekee, litaishia katika kiwambo.

Hakuna anayeweza kudai kwamba Kiswahili hakikidhi haja. Mnamo mwaka wa 2004, wataalamu waliohusiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, mkusanyiko wa programu za ofisi kwa Kiswahili. Menyu ya M-Pesa, huduma iliyozinduliwa Machi 2007, humruhusu mtumiaji kuchagua Kiswahili. Nimewabadilishia wateja wengi lugha hiyo kibandani, na hushangaa kwamba hakuna aliyewaambia kuwa yawezekana.

Tatizo letu sisi wasomi ni kwamba tumeshughulika mno na kubishania istilahi: tarakilishi, kompyuta au ngamizi? Mjadala huo una nafasi yake. Hata hivyo, kibanda cha fundi kimenifunza kigezo kingine cha kuipima istilahi: je, neno lenyewe linamlinda anayelitumia? "Nywila" ni neno zuri, lakini kwa mwuza maziwa halina onyo lolote ndani yake. "Nambari ya siri" hujieleza. Aombwaye siri hujua kwamba anaombwa siri. Zile tarakimu zinazotumwa kwa matumizi ya mara moja tu, wengi huziita "kodi" au "namba". Namba ya simu humpa mtu yeyote, kwa hiyo sioni ajabu mama alipoitoa. Napendekeza tuziite "ufunguo wa mara moja". Hakuna mama wa Isiolo atakayemsomea mgeni ufunguo wa nyumba yake kwa simu.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba hitilafu na ulaghai vyote vina ishara, na kwamba ishara husomwa na mtu aliyetulia. Umahiri huo tunaufundishwa kila siku darasani, ila tumeufungia katika vitabu. Pendekezo langu kwa chama chetu ni dogo. Kila mwanachama anapokwenda likizo, awabadilishie jamaa zake lugha ya huduma za simu iwapo watapenda, na awafunze sentensi tatu: Ufunguo wa mara moja hausomewi mtu. Nambari ya siri haitajwi, hata kwa anayesema anatoka kwa kampuni. Anayekuharakisha, mkatie simu.

Sentensi hizo niliziandika kwa kalamu nzito na kuzibandika ukutani mwa kibanda. Pesa za mama hazijarudi hadi ninapoandika. Lakini alirejea baada ya siku chache, akasimama mbele ya karatasi ile, akaisoma yote kwa sauti bila msaada wangu. Kisha akaniambia, "Niandikie nyingine, mwanangu. Nataka kuibandika pale tunapopimia maziwa."